Nilimwambia Rubani Habari za Mgonjwa Kabla ya Hali ya Hewa

Mama Ramlah, naomba unisaidie, kichwa hakitulii tangu wiki jana. Mimi napokea simu katika kampuni ya helikopta ya wagonjwa hapa Jinja, na sheria yetu ni kwamba rubani nimuulize kwanza hali ya hewa, aamue anaruka au haruki, ndipo nimwambie mgonjwa ni nani, ili huruma isimsukume, lakini rubani wetu ni afande Jude, mtu mzima aliyestaafu jeshini, na kila simu ikiingia anauliza, "Nani anaumwa?" na mimi nimelelewa kujibu mkubwa akiuliza, afande nitamnyimaje jibu, basi nikamwambia ni mama wa kule Busiu, karibu na Mbale, amejifungua na damu haikatiki, naye akainuka hapo hapo, wakati mawingu yameshuka upande wa Mbale mpaka mlima hauonekani. Wakapita karibu kabisa na mnara wa simu, nesi Gorreti aliyekuwa ndani anasema angeweza kuhesabu vyuma vyake, wakashukia shamba la mahindi huko Busiu, wakamchukua hadi hospitali. Mama alipona. Busiu wanamwimbia afande, na mtoto ameitwa Jude. Lakini kwenye fomu niliandika kwamba rubani alikubali kuruka kabla ya kujua habari za mgonjwa, kama ninavyoandika siku zote, na Jumatatu wakaguzi wa usalama wa anga wanakuja kuuliza kuhusu ule mnara, afande ameniambia niiache fomu ilivyo, na mimi sielewi, nikisema kweli watamfungia aliyeokoa mtu, pengine helikopta yenyewe isimame na mama mwingine afe, nikinyamaza sijui, mbona mgonjwa amepona na mimi najiona mkosaji?

Khainza, Jinja

Khainza mwanangu, pole. Unajiona mkosaji kwa sababu umekosa. Mama amepona, tumshukuru Mungu, hilo limekwisha. Fomu ya uongo bado ipo, tena unasema "siku zote", yaani wakaguzi wanasoma karatasi zako wanadhani mambo ni sawa, kumbe umewafunga macho. Kumheshimu mkubwa ni vizuri, hata mimi napenda kujibiwa, ila heshima gani hiyo ya kumpeleka mtu mnarani? Afande si mbaya. Ana huruma nyingi, na sheria ile iliwekwa kwa ajili ya watu kama yeye.

Unaogopa helikopta itasimama. Isimame wiki mbili mambo yanyooshwe. Ikianguka na Gorreti ndani, Busiu watapata nyingine wapi?

Kesho mwambie afande ana kwa ana kwamba utasema, asije akalisikia kwa wakaguzi. Jumatatu toa fomu zote ulizoandika hivyo, siyo hii moja, na uwaombe simu za wagonjwa zipokelewe chumba kingine, rubani aulizwe hali ya hewa basi. Labda utafukuzwa kazi, sikudanganyi. Na simu ikiingia kabla ya hapo, naye akauliza nani anaumwa, mjibu kwa adabu, "Afande, hali ya hewa kwanza." Akikasirika, akasirike akiwa chini.