Waliokwenda Kuzika

Thamesmead,
London.
14 Novemba 2008

Mpendwa kaka yangu Sufian,

Assalaam alaykum. Hujambo? Mgongo umepata nafuu, au bado unainama kama mwenye kutafuta sindano? Sisi hapa wazima, ila baridi imeshaanza kutuuma. Watoto wanakusalimu, kwa Kiingereza chao.

Barua hii nampa jirani yangu Nurjehan, akuwekee posta akifika Mombasa. Simu siiamini tena, na sababu utaiona.

Unajua kazi yangu ilikuwa tafsiri: kusikiliza simu zilizorekodiwa za watu wa ng'ambo ya mpaka wenu. Mwezi uliopita Jean, mkubwa wetu, aliniita nitazame picha zilizopigwa na ndege isiyo na rubani. Wanaume wanakwenda mbio mbio, wanapokezana kitu kirefu mabegani.

"Silaha hiyo," alisema. "Na hakuna mwanamke hata mmoja. Wapiganaji hao."

"Hilo jeneza," nikamwambia. "Kila mtu anataka thawabu ya kulibeba. Na wanawake wetu hawafuati maiti makaburini."

Akatabasamu. "Haifa, wewe tumekuajiri kwa maneno, si kwa picha."

Siku ya tatu nikaletewa simu ya mzee mmoja, anamtajia mwanawe majina ya waliouawa kwa kombora kwenye mazishi yale. Kumi na tisa. Akisahau mmoja, anaanza upya. Nilitafsiri huku nalia. Juu ya karatasi walishaandika "wapiganaji". Nikalikata neno lile, nikaandika "waliokwenda kuzika". Kesho yake kadi yangu haikufungua mlango wa ofisi, na hakuna aliyeshuka kuniambia kitu.

Kinachoninyima raha ni ramani niliyoiona kwa Jean siku ile ya mwisho. Lile duara la mahali wanapopaangalia limeshuka kusini. Kijiji chenu kimo ndani.

Kwa hiyo nakuomba jambo ambalo sikudhani nitakuja kumwomba Mwislamu mwenzangu. Akifa mtu hapo, msimsindikize wengi. Wanne wanatosha. Msikimbie, msipokezane. Hata akiwa mama mdogo.

Nisalimie mama mdogo mwenyewe, wifi Hayat na mzee Abdulwakil, lakini haya usiwasomee wote. Mola akukingeni na macho yasiyokujueni.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na kukuhofia,
Haifa