Alama Nyekundu kwenye Mlango Wetu

Kaka Bahati,

Mama Furaha ndiye aliyeuona kwanza, leo asubuhi alipotoka kuchota maji: mstari wa rangi nyekundu kwenye mlango wetu hapa Namuwongo, usawa wa kifua. Alidhani ni watoto. Mimi niliujua. Ni alama uliyokuwa ukipiga kwenye miti ya kukatwa, kule Kongo, kabla vita havijatuleta Kampala.

Tangu tukuzike, pale Nateete ulikouza mbao pamebadilika. Siku hizi mbao zinapakiwa kwenye makontena kwenda ng'ambo. Mwenye ghala huwaambia wanunuzi kwamba ni za msitu wa kupandwa, ukikatwa unapandwa tena. Ndicho wanachotaka kusikia. Nilikwenda kutazama. Kulikuwa na magogo ambayo watu wawili wasingeweza kuyakumbatia. Miti ya kupandwa huvunwa kabla haijafikia unene huo. Wapakiaji wakaniambia yanatoka msitu wa asili. Jumatatu nilitangaza hayo redioni, bila kumtaja mwenye ghala.

Niliikumbuka siku ile ulipokwenda nami kazini kwako msituni, ukaniambia: "Acha mti mama, ndio wa mbegu. Ukiinua macho ukaona mbingu, ujue umekata mingi."

Vijana wa boda wameshauona mlango. "Bwana Redio, umepigwa alama! Sasa ngoja msumeno!" Nilicheka nao, kisha nikaingia ndani na kufunga komeo. Unajua nimeripoti vita. Risasi zilinipita karibu. Lakini zile hazikuujua mlango wangu.

Tumesogeza kitanda mbali na dirisha. Mama Furaha amesema, "Baba Furaha, waache wengine wamtaje mwenye ghala." Pikipiki ikipunguza mwendo hapo nje, naacha kuandika.

Imepita. Naendelea.

Mara moja ulipiga mti alama, kisha ukaona miche imejaa chini yake. Ulirudi na rangi nyeupe, ukauzungushia mstari ule duara, na wenye misumeno wakaupita. "Huu bado una kazi," uliwaambia. Brashi yako ninayo. Rangi nyeupe nimenunua leo. Duara halitakuwa zuri kama lako, ila litaonekana kutoka barabarani.

Pumzika, kaka. Jina la mwenye ghala nitalisoma mwenyewe, Alhamisi, katika taarifa ya saa moja asubuhi.

Mdogo wako