Mahali Mluzi Unapokatikia

Kaka yangu mpendwa,

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote, nami nimelibeba mpaka ndani ya barua hii. Lakini barua isiyo na salamu ni sawa na mgeni aingiaye bila hodi, kwa hiyo nabisha hodi kwanza. Hujambo? Kifua kinaendeleaje na hilo vumbi la saruji? Mama anauliza kama blanketi linatosha na kama umeshapata viatu visivyovuja. Huku sisi tunaendelea. Bibi ni yule yule. Redio yake inasikika mpaka kwa majirani, na ukimwomba apunguze sauti anasema nyumba hii imejaa watu wanaonong'ona. Mdogo wetu Chiriku ameng'oka jino la mbele na sasa anaongea zaidi ya zamani, kana kwamba jino ndilo lililokuwa likimzuia. Anauliza kila siku daraja lenu litaisha lini, maana anaamini wewe ndiye unayelijenga peke yako.

Sasa habari za kile kinanda cha umeme tulichokiunda ndani ya bati. Ulipoondoka kilikuwa kinatoa sauti, lakini sauti gani! Mama aliiita nyuki waliofungiwa kwenye kopo. Wewe ulisema haina ubaya, ni mbichi tu, inahitaji chujio. Na kwa kuwa ndani ya bati hapakuwa na nafasi hata ya sindano, chujio likae nje, kwenye kisanduku chake. Sauti itoke kinandani kwa waya, ipite humo, ndipo iende kwenye spika. Ukaniachia mchoro, zile chipu, na mkebe wa vipuri.

Nimelijenga, Kaka. Sikukuambia kwa sababu nilitaka ulikute tayari. Nililifanyia kazi mezani jikoni, chuma cha kuchomelea upande mmoja na kitabu cha fizikia upande wa pili, na nimeunguza kidole changu na kitambaa cha meza cha Mama. Kidole alikionea huruma. Kitambaa anakitaja mpaka leo.

Nimelitia kwenye kisanduku cha sabuni, likiwa na vitufe viwili vya kuzungusha, kama ulivyochora. Cha kwanza kinalifunga na kulifungua. Likifungwa, kinanda kinasikika kama mtu anayeimba chumba cha pili na mlango umerudishwa. Likifunguliwa, sauti inatoka na meno yake yote. Kitufe cha pili kinaikaza sauti, na ukikizungusha mpaka mwisho, chujio lenyewe linaanza kupiga mluzi bila mtu kugusa kinanda. Hapo ukirudi kwenye kitufe cha kwanza, mluzi unapanda na kushuka utakavyo. Siku ya kwanza kuusikia nilikaa chini kwa furaha.

Lakini palikuwa na kasoro. Nikiupandisha, mluzi unakonda, unakuwa mwembamba kama uzi, halafu unakatika, na kitufe bado kina safari ndefu mbele yake. Nikadhani nimechomelea vibaya. Nikafumua, nikachomelea upya. Nikabadilisha kapasita, nikabadilisha hata kitufe chenyewe. Ukakatikia pale pale. Mwishowe nikalipeleka kwa fundi redio wa pale kona. Alikizungusha kitufe mara moja, akakunja uso kama aliyeuma limau bichi, akanirudishia akisema kitu kizima kabisa, na tafadhali nikiondoe kabla hakijamfukuzia wateja. Nilimshukuru kwa heshima, na njia nzima nikawaza kwamba ni mvivu tu, hakutaka kufungua.

Nimechoka, Kaka. Sijui kama nimewahi kukuandikia neno hili. Shuleni nimehamia dawati la mbele na natazama midomo ya walimu. Mwalimu wa jiografia akigeukia ubao, maneno yake yanaanguka chini na mimi nabaki kuokota vipande. Wenzangu wakicheka, nacheka. Jirani yangu wa dawati ameshatangaza kwamba siku hizi naringa, nikisemeshwa sijibu. Nikifika nyumbani nimekamuliwa kama nguo. Mama anadhani ni vitabu, amenipunguzia muda wa kusoma, na sikuweza kumwambia kwamba vitabu ndivyo pekee visivyonichosha, kwa sababu havisemi na mtu huku vimegeuka nyuma.

Barua yako ya mwisho nimeisoma mpaka mikunjo imechakaa. Ulisema yule fundi mitambo wa ukumbi wa muziki huko kwenu amekubali kunipokea likizo ndefu, nijifunze kazi ya sauti pembeni yake, na kwamba umemwambia una mdogo wako mwenye masikio ya paka. Nilifurahi, halafu nikatamani usingemwambia.

Chiriku ndiye aliyeliibua jambo lenyewe, bila kujua. Nilikuwa najaribu chujio, mluzi umeshakatika, na yeye kaziba masikio anapiga kelele nizime kitu hicho. Nikamwambia mbona kimenyamaza. Akasema, "Dada, labda umenyamaza wewe!" Papo hapo akabuni mchezo: wote tuinue mikono, mimi nizungushe, na kila mtu ashushe mkono pale mluzi unapompotea, nami niweke alama ya penseli kwenye mfuniko. Bibi alishusha wa kwanza, akasema mluzi huu umeondoka mapema kama mchumba wake wa kwanza. Chiriku akamwambia asijali, yeye yupo. Bibi akamjibu kwamba mume asiye na meno hana faida kwake. Mama alishusha mbele sana. Chiriku alifika mwisho wa kitufe na mkono bado uko juu, anaruka ruka.

Mimi nilishusha pamoja na Mama. Nilikuwa namtazama kwa pembe ya jicho.

Uongo wangu ndio huo. Kwangu mluzi ulikuwa umekatika zamani, Kaka, upana wa ukucha tu kutoka alama ya Bibi. Chujio halina kasoro na halikuwahi kuwa nayo. Nimelifumua na kulichomelea mara zote zile, na kitu kibovu kilikuwa kichwani kwangu, pande zote mbili. Mama anashinda akimpazia Bibi sauti kutwa nzima. Nilijiuliza atapata wapi sauti ya mtu wa pili.

Hapo juu niliandika mchana. Nilikusudia kuendelea kwa kukuomba unifichie, usimwambie Mama wala yule fundi mitambo, mpaka nijue la kufanya. Nilianza sentensi hiyo, nikaikata; utauona mchirizi wa wino. Kisha nikamwita Mama, ambaye alikuwa anaanua nguo. Nikawasha chujio, nikamwomba azungushe yeye, na asiangalie kitufe, auangalie mkono wangu. Nikageukia ukuta ili nisiuone uso wake. Mluzi ukapanda, ukakonda, ukakatika. Nikashusha mkono. Nilipogeuka, alikuwa bado anazungusha pole pole, amekunja uso kwa sauti ambayo kwangu haipo.

Alizima. Akavuta kiti, akakaa mbele yangu, uso kwa uso, kama anavyomkalia Bibi, akaniuliza tangu lini. Nikamwambia tangu kabla hujaondoka. Akaniuliza mbona sikusema. Akachukua kitambaa kile kilichoungua, akanifutia uso nacho. Kesho siendi shule, tunakwenda hospitali. Nami nimefuta ile alama ya uongo, nikaweka ya kweli mahali pake, kwa wino, karibu na ya Bibi.

Nakuomba umwambie fundi mitambo ukweli kabla likizo haijafika, aamue mwenyewe. Bibi anakusalimu na anataka picha yako ukiwa juu ya daraja. Chiriku anasema mwenyewe ataandika, akijifunza kunyamaza. Mama amesema ataongeza salamu zake kwa mkono wake, kwa hiyo nimemwachia nafasi hapa chini.

Ni mimi mdogo wako, yule mpenda vitabu mliyempa jina la
Maktaba