Mrija wa Muyinga

Gitega, 6 Juni 2010

Kwa Baba yangu mpendwa, Dominiko,

Shikamoo Baba, na Mama naye namwamkia kwa heshima zote. Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mzima, isipokuwa kidole gumba cha kushoto kilichobanwa na mnyororo wa baiskeli wiki iliyopita, nacho kinaendelea vizuri. Wasiwasi wangu uko kwenu huko Ulyankulu: kikohozi cha Mama, magoti yako, na tumbaku iliyokuwa bado imo kwenye bani la kukaushia mara ya mwisho tulipozungumza. Najua barua hii anakusomea Dada Lucia. Lucia, nakuomba usome polepole, usiruke mistari kama ulivyokuwa ukiruka katekisimu, na usimpe Baba muhtasari. Kila neno humu ni la kwake.

Nimeona niandike badala ya kupiga simu, maana kwenye simu ulimi wangu unateleza. Nimesikia kwamba baba mdogo Urbano atakuja huku mkishauza tumbaku, aende Muyinga kuipinga hukumu ya shamba letu. Habari hiyo imeninyima raha. Nitaifikia, Baba, wala sitaikwepa. Ila uliniuliza ninaishije, na Lucia akalalamika kuwa kila akinipigia najibu tu kwamba niko salama, basi nianze na hilo.

Ninakaa kwenye chumba cha uani kwa Mzee Radjabu, fundi baiskeli, katika mtaa wa Waislamu usio mbali na soko. Siku ya kwanza nilimwendea nikamwambia, samahani mzee, naomba uniazime spana. Aliweka gurudumu chini akanitazama, akawauliza wateja wake kama taarifa ya habari imeanza. Tangu hapo jina langu kwenye kibanda ni Radio. Wakulima wanaoleta baiskeli kutoka Buraza hawamjui Kastori ni nani, lakini Radio wanamjua. Kiswahili cha mzee mwenyewe ni cha hapa. Akitaka kifaa atasema, “Radio, leta ile kitu iko pale chini,” na pale chini pana vitu ishirini. Mwezi wa kwanza nilikuwa namsahihisha kimoyomoyo. Sasa nakipata kifaa bila kuuliza, na juzi nilijikuta nasema pampu “iko” kwa jirani. Lucia, unicheke tu.

Mkewe, Mama Salama, ndiye anayenifanya niseme kwamba Mungu amenipa mama wa pili bila kuninyang'anya wa kwanza. Nilipougua malaria alikuwa akinilisha uji kwa kijiko, huku akinigombeza kwa kulala bila neti. Mwezi wa Ramadhani niliona aibu kula mbele ya watu waliofunga, nikawa nakula mihogo yangu nyuma ya choo. Alinikuta. Akaniambia nisimfanye yeye mchoyo na Mungu kipofu, nikakae barazani nile kama mtu. Basi nikala barazani, nikitazamwa na mtaa mzima.

Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe, na kweli sisi tuliotoka Tanzania tunaonekana kutoka mbali. Lakini mimi, Baba, sijafukuzwa. Mama mmoja muuza parachichi, ambaye hata jina lake silijui, alinivuta chini ya turubai lake mvua ilipotukuta njiani, tukasimama nusu saa bega kwa bega, kisha akanipa parachichi moja nikaondoka. Yuko mtawa wa Mushasha anayeendesha baiskeli kwa kasi isiyolingana na nadhiri zake. Kila mwezi anakuja kubadilisha kengele, na hutumia nafasi hiyo kunisahihisha Kirundi changu. Na mwezi uliopita alikuja mtu wa Mutaho na mikungu minne ya ndizi, spoku tatu zimekatika. Alikataa katakata kushusha mzigo, kwa kuwa aliufunga mwenyewe na hana hakika kama angeweza kuufunga tena vile. Basi aliisimamisha baiskeli na mzigo wake kwa mikono, mimi nimelala chini naunga, naye akanisimulia ugomvi wake wote na wakwe zake. Wiki iliyofuata alirudi, baiskeli haina tatizo lolote, akaniachia ndizi. Alisema watu wengi wanaweza kuunga spoku, lakini wanaosikiliza ni wachache.

Ndiyo mambo yangu, Baba. Ni madogo, lakini jioni nikinawa grisi mikononi huwa nashukuru kwa sauti, hadi Mzee Radjabu ananiuliza naongea na nani. Nilikuja hapa nikidhani narudi kwenye nchi yako. Sasa naona kidogo kidogo inakuwa yangu pia.

Sasa nije Muyinga.

Unakumbuka nilikwenda mara mbili kwa njia ya Karuzi. Mara ya kwanza ilikuwa Februari, kuliona shamba na kumwona anayelikalia, yaani mjane Theodosia. Mara ya pili ilikuwa Machi, siku ya wazee wa kilima, bashingantahe. Wazee walikaa, wakatusikiliza mmoja mmoja. Mimi nilisema kama ulivyonifundisha: kwamba shamba ni la babu, kwamba ulikimbia mauaji ya mwaka wa sabini na mbili na mke na mtoto mgongoni, na kwamba hukuuza wala hukugawa. Theodosia naye alisema maneno machache. Alisema mumewe marehemu, Egidius, alipewa shamba lile na komine, yaani serikali ya mahali, kwamba wamelilima hadi alipozeeka, na kwamba hana mahali pengine pa kwenda. Wazee wakaamua tugawane. Sehemu ya juu, yenye kahawa, ikawa yetu. Sehemu ya chini, yenye nyumba, ikabaki kwake.

Kisha ukaletwa mtungi wa pombe ya mtama, ile wanayoiita impeke, na mirija. Wazee wakanywa, halafu tukaitwa mimi na Theodosia tunywe mtungi mmoja. Nikanywa.

Siku ya Pasaka nilikueleza kwenye simu kwamba nilikunywa kwa kiu na kwa adabu, kwamba mimi mtoto wa Ulyankulu sikujua kuwa huku, ukishanywa na mliyeshtakiana, umeikubali hukumu na kesi imekufa. Ulinionea huruma. Ulisema mtoto aliyelelewa ugenini hana kosa, na kwamba wazee wamemlaghai asiyejua mila. Na baba mdogo Urbano, kwa jinsi nilivyosikia, anakuja kuapa hilohilo ili hukumu ifutwe na Theodosia atolewe.

Lucia, hapa mpe Baba kiti kama amesimama. Na kama wapo majirani, waombe wawapishe.

Baba, nilijua.

Nilijua siku tatu kabla. Mzee Radjabu, ambaye pombe haijagusa mdomo wake tangu azaliwe, ndiye aliyenifundisha maana yake. Tulikuwa tunanyoosha rimu, akaniambia bila kuinua macho, “Wee, sikiliza. Ile pombe haiko ya kiu. Kama hautaki ile maneno watasema, usitie mudomo. Sema tumbo inauma, basi, kesi itaenda mbele kwa tribinali.” Akanirudishia mara mbili. Kwa hiyo niliposhika ule mrija nilijua ninachokifanya. Nilikufikiria wewe, nikapiga moyo konde, nikavuta, nikavuta tena. Hakuna aliyenilaghai. Aliyelaghai ni mimi, nikakulaghai wewe baba yangu, na hilo linaniuma kuliko jambo lolote nililowahi kulitenda.

Sababu ninayo, ila naiogopa. Inamhusu Bibi.

Nyumbani kwetu jina la mama yako halikutajwa. Tulipokuwa wadogo tukiuliza, Mama alitukata jicho, na wewe ulitoka nje ukaenda kutazama bani hata kama hakukuwa na moto. Tulichojua ni kwamba Bibi alikuwa haoni na miguu ilikuwa imemwisha, kwamba alikataa kubebwa akawaambia mwende mkaokoe mtoto, na kwamba mlimwacha ndani mkafunga mlango. Mengine tuliyakisia. Sote tulidhani alikufa peke yake, na nadhani hata wewe, Baba, umeishi na wazo hilo miaka yote thelathini na minane.

Hakufa peke yake.

Ile mara ya kwanza nilifika kwa Theodosia nikiwa nimepanga maneno makali. Sikupata nafasi ya kuyasema. Alinitazama usoni, akaniuliza kama mimi ni wa Dominiko. Nilishangaa kalijuaje jina hilo. Akanipa kigoda, akanieleza. Walipopewa shamba na komine waliambiwa nyumba ni tupu. Walipofungua mlango wakamkuta Bibi, jirani mmoja alikuwa akimpitishia maji dirishani. Wakaambiwa wampeleke kwa ndugu zake, na ndugu hawakuwapo. Basi wakamsogeza karibu na meko, wakaishi naye. Aliishi misimu miwili ya mvua, Baba. Theodosia alikuwa bi harusi wa juzi, na kazi yake ya kwanza kwenye ndoa ilikuwa kumwogesha mama yako.

Kila jioni, kondoo waliporudi, Bibi alikuwa anakuita. Anaita Dominiko, Dominiko. Mwanzoni walimweleza kwamba Dominiko amekwenda mbali. Alilia, akatulia, na kesho yake alisahau akaita tena, na wao wakamweleza tena, naye akalia upya. Siku moja Egidius alikuwa ndiyo kwanza anatoka shambani, jembe bado liko begani, akasikia unaitwa wewe. Akaitika. Akasema, “Ndi hano, mawe,” nipo hapa, mama. Bibi akauliza kama umekula. Akasema amekula. Bibi akalala bila kulia. Tangu siku hiyo Egidius alikuwa akiitika kila jioni, hadi Bibi alipofariki, Egidius akiwa amemshika mkono. Walimzika upande wa juu, kwenye kahawa. Nimeliona kaburi, limepaliliwa.

Siku ya kesi nilimngoja Theodosia ayaseme hayo mbele ya wazee. Angeyasema, wangempa shamba lote. Hakusema. Alichoomba ni kimoja tu, kwamba wakigawa, sehemu ya juu iwe yetu. Wazee walimshangaa, kwa kuwa huko juu ndiko kwenye kahawa. Baadaye nilimuuliza kwa nini alinyamaza, akaniambia kifo cha mzee wa watu hakipelekwi kuwa shahidi wa shamba. 

Sasa unaelewa kwa nini nilikunywa. Usilolielewa pengine ni kwa nini nilidanganya. Baba, niliogopa kulitaja jina la Bibi mbele yako kuliko nilivyoogopa kukudanganya. Nilidhani uongo mdogo wa kiu utatuvusha wote. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu imeishia kwenye safari ya baba mdogo. Akija kuapa kwamba sikujua, itanibidi nisimame mbele ya wazee niseme nilijua, nami sitaki kumwaibisha ndugu yako. Mwambie asije kwa ajili hiyo. Akitaka kuja kusalimia kaburi, chumba changu kinatosha wawili. Kuhusu mimi, ukisema nimepoteza baraka yako nitanyamaza, maana una haki. Ila nakuomba usiniondolee.

Limebaki jambo moja, ni ujumbe. Nilipoaga ile Februari, Theodosia alinisindikiza hadi njia panda. Akaniambia Egidius aliishi maisha yake yote na hofu kwamba ipo siku Dominiko atarudi na kumuuliza, kwa ruhusa ya nani aliitika jina lake. Hakupata kuonana nawe. Kwa hiyo yeye mkewe aliniomba nikuombee radhi kwa niaba ya marehemu. Nilimwahidi kuufikisha ujumbe, nikakaa nao miezi minne. Leo nimeufikisha, Baba. Anasubiri jibu lako.

Nisalimie Mama, mwambie asiache dawa ya kikohozi. Nisalimie baba mdogo Urbano na nyumba yake, jirani zetu wote, na kwaya ya kigango. Mzee Radjabu anakuita kaka na anakusalimu, na Mama Salama anasema magoti yakandwe kwa maji ya moto yenye chumvi. Mungu akulinde.

Lucia, ukimaliza kusoma, usimuulize Baba neno. Akitoka nje, mwache atoke.

Ni mimi mwanao,
Kastori