Jina Lako Lilibandikwa Kifuani Pangu

Kitengela,
Jumapili mchana.

Dada yangu Nekesa,

Mama ameamkaje? Na wewe mwenyewe umeamkaje? Nauliza mara mbili kwa sababu nimekumbuka kwamba nikipiga simu nyumbani huuliza hilo la kwanza na kuishia hapo.

Mimi niko. Siumwi. Nakula, naenda kazini, nalala. Mvua imenyesha hapa karibu wiki tatu, na unajua udongo wa Kitengela ni ule mweusi unaoshika kiatu mpaka ukiachie. Machimbo yamejaa maji. Tunachonga yale mawe yaliyokuwa yametolewa kabla ya mvua, yakiisha sijui. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vimekufa ganzi tangu mwezi wa pili. Haviumi. Nikishika tindo huwa navitazama ili nijue viko wapi.

Naandika kwa karatasi kwa sababu simu zangu hushiki tangu Krismasi. Sikulaumu. Barua hii inakuja na basi, pamoja na bahasha yako ya vyeti na CV, na karani wa mizigo atakupigia uende kuichukua stendi ya Kimilili. Ndiyo, bahasha nilikuwa nayo mimi. Niliitoa kwenye kabati la sebuleni siku ile ninaondoka baada ya Krismasi, nikijiambia nitakutafutia kazi huku, na sikukuuliza. Kama umeitafuta miezi hii yote, basi ni hapo ilipokuwa, chini ya godoro langu. Pole.

Sasa nikueleze ilivyokuwa.

Ulipoingia chuo hukuwa na simu, ukaandika namba yangu kwenye fomu. Mpaka leo chama cha wahitimu wa chuo chenu kinaniandikia mimi. Kila ujumbe unaanza na "Mpendwa Nekesa". Mwanzoni nilikuwa nakutumia, ukaniambia niache, hutaki kusoma ni nani amepandishwa cheo. Nikaacha kutuma, lakini kusoma sikuacha. Nasoma saa ya chai nikiwa nimekaa juu ya jiwe. Kidato cha pili kinanitosha kwa Kiingereza chao. Kwa hivyo habari zenu ninazo. Yule mliyelala naye chumba kimoja ameolewa Eldoret. Wale wa mwaka wenu walirudi kupanda miti nyuma ya maktaba. Mwalimu wenu mmoja mrefu amestaafu wakamfanyia karamu, na kwenye picha ameshika keki kama mtu aliyepewa mtoto wa wenyewe.

Ujumbe wa mwezi huu ulisema kwamba wahitimu wanaoishi huku Kajiado watakutana Jumamosi, yaani jana, katika ukumbi wa kanisa moja kando ya barabara ya Namanga. Kutakuwa na watu wa kukagua CV, na wa kushauri wale ambao bado hawajapata kazi, na waajiri wachache. Njoo na vyeti vyako, ukasema. Nikajibu kwa jina lako kwamba utakuja. Vyeti nilikuwa navyo.

Nikaomba ruhusa kwa msimamizi wetu, Lemayian.

"Unaenda wapi?"

"Mkutano wa chuo kikuu."

Akanitazama kuanzia kichwani hadi kwenye gambuti. "Simiyu, wewe?"

"Ni wa dada yangu."

"Basi oga," akasema. "Hao watu hawapendi vumbi. Na lori la Jumatatu utalipakia wewe."

Mlangoni alikuwa msichana mwenye orodha. Nikamtajia jina lako. Akalipata, akainua macho, akaangalia orodha tena.

"Nekesa ni wewe?"

"Ni dada yangu. Nimekuja kwa niaba yake."

"Hapa ni wahitimu pekee."

"Yuko kwenye orodha yako. Nimeleta karatasi zake."

"Karatasi ndizo zilisoma?"

Mwenzake aliyekuwa nyuma akipanga chupa za maji akamwambia, "Mpe kibandiko aingie, chakula ni kingi." Basi akakitoa kile kibandiko kilichokuwa kimeandikwa jina lako akakibandika hapa kifuani, na mimi nikaingia ndani nikiwa Nekesa. Watu walikuwa wananisoma kwanza kisha wananitazama usoni. Mwanamume mmoja mwenye tai akanishika mkono, akauliza nilimaliza mwaka gani. Nikamwambia sikumaliza. Akacheka sana, akanipigapiga bega.

Nilipanga foleni mpaka nikafika kwa mama mmoja anayeitwa Wanjiru. Alisema kazi yake ni kuajiri watu huko ofisini kwao, na siku kama hizi huja kusaidia bure. Akafungua bahasha.

"Huyu dada yako alisomea nini?"

"Sayansi."

"Sayansi ya nini?"

Nekesa, miaka minne nilivunja mawe ukiwa kule, na machimboni kila mtu anajua niko na dada wa chuo kikuu. Hakuna aliyewahi kuniuliza ni sayansi ya nini, na mimi sikuwahi kukuuliza. Ilibidi niinamie meza nisome kwenye cheti. Ni ya udongo. Udongo na mimea.

Halafu akakishika cheti chenyewe, akakigeuza huku na huku.

"Ni nani alikipiga plastiki?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Mvua. Nyumba yangu inavuja."

Akafunga macho kidogo. Akasema cheti halisi hakipigwi plastiki, maana wakitaka kugonga muhuri hawana pa kugonga, na ukijaribu kuibandua inatoka na maandishi. Akasema utaandikia chuo na watakusaidia, si mwisho wa dunia. Mimi nilikipeleka pale duka la kupiga picha mwezi wa kwanza nikijiona nimekutunzia. Ndivyo utakavyokikuta. Usikibandue.

Akaendelea. "Sasa anafanya nini?"

"Hana kazi. Amekaa tu nyumbani."

"Nyumbani kuna nani?"

"Mama."

"Mama ni mzima?"

"Alipata kiharusi. Upande wa kulia haufanyi kazi."

"Tangu lini?"

"Miaka mitatu inakaribia."

"Nani anamwogesha?"

"Dada."

"Nani anamlisha?"

"Dada."

"Usiku akitaka kugeuzwa?"

Wanjiru aliweka kalamu chini. Hakukasirika, alisema kama mtu anayesahihisha hesabu. "Halafu unasema amekaa."

Ningependa kukuambia kwamba nililia, au kwamba kitu fulani kilinipata moyoni. Hapana. Nilikuwa nimechoka na viatu vilikuwa vimelowa. Niliangalia tu mkono wake ukiandika kwenye ile CV yako, mahali pale ulipokuwa umeacha wazi baada ya mwaka wa kumaliza. Aliandika kwamba umemhudumia mgonjwa wa kiharusi nyumbani, peke yako, mfululizo, na kwamba kwa mwajiri mwenye akili huo ni uzoefu wa kazi. Karatasi hiyo iko ndani ya bahasha. Isome.

Ndipo akaniambia kuna nafasi. Wakulima wa mboga wa huko Loitokitok, wale wanaomwagilia kwa mifereji, wana maabara ndogo ya kupima udongo, na wanatafuta mhitimu mmoja wa kufundishwa kazi kwa mwaka mmoja. Akifaa anabaki. Malazi yapo.

"Atakuja," nikasema.

"Umemwuliza?"

"Atakuja tu. Mimi ndiye nilimsomesha."

"Kaka, jibu lako silihitaji." Alisema hivyo hivyo. "Namba yangu hii. Anipigie yeye mwenyewe kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo. Na nyinyi kwanza muamue mama anabaki na nani, kwa sababu akija huku na mawazo yote yako huko, nitampoteza baada ya mwezi, na nafasi itakuwa imepotea."

Nikachukua namba. Nimeiandika nyuma ya karatasi hii, tarakimu zangu unazijua, ile inayofanana na moja ni saba. Nikala pilau yao, nikatoka. Kibandiko nilikikumbuka nikiwa nimefika kwangu.

Sasa ile ya Krismasi. Nilisema mbele ya wageni kwamba digrii yetu imekuja kukaa jikoni, wakacheka, ukaweka sahani chini ukatoka. Nilijua nilichokuwa nasema. Nilikuwa nimefika nikitaka watu waone kitu, na kitu chenyewe hakikuwepo, basi nikakugeuza wewe kuwa mzaha. Uliporudi ulikuwa umebeba maji ya kumwosha mama, na mimi nilikuwa bado naongea. Hilo lilikuwa kosa langu, wala si la pombe. Sikuwa nimekunywa.

Na kuna lingine nimelifikiria leo. Kwetu mwanamume aliyetahiriwa haingii chumba cha kulala cha mama yake. Najua ni heshima. Lakini kwa miaka yote hii hiyo heshima ilinifaa sana. Wewe ulirudi kutoka chuo ukiwa msichana ambaye hajaolewa, tukakuonyesha mlango wa chumba cha mama, na sisi kaka zako tukarudi makazini. Hakuna mtu aliyekaa chini kukuuliza.

Leo asubuhi nilimpigia mama mdogo, mdogo wake mama, pale ng'ambo ya mto. Nikamwambia nataka kurudi nimtunze mama, nikakwama kwenye hilo la chumba.

"Wewe Simiyu," akasema, "uji unaujua?"

"Naupika kila asubuhi."

"Huo wako ni wa kushikia matofali."

"Nitajifunza."

"Mm. Sasa nisikilize. Kumwogesha nitakuja mimi, asubuhi na jioni, tangu mume wangu afe sina mtu ananingoja. Lakini chumbani hatakaa tena. Kitanda kitoke kiwekwe sebuleni, pale dirishani. Sebuleni si hata wewe huwa unaketi?"

"Naketi."

"Basi. Miaka mitatu, familia imejaa wanaume, na hakuna hata mmoja aliyefikiria kusukuma kitanda." Akakata simu kabla sijasema asante.

Nekesa, sijui kama unaitaka hiyo kazi ya udongo. Hilo ndilo nilishindwa kumjibu Wanjiru na bado siwezi. Labda miaka hii imekuchosha na unataka kulala tu mwezi mzima bila mtu kukuita. Labda kuna mtu huko unampenda. Sijui lolote juu yako isipokuwa yale chama cha wahitimu kinayoniambia, na hayo si yako, ni ya wenzako.

Nimemwambia Lemayian leo kwamba mwisho wa mwezi naondoka. Akauliza kama nimepata kazi nyingine, nikasema ndiyo. Kule nyumbani nitalima lile shamba la chini, na mawe hata Kimilili yapo. Siogopi wala sifurahi, nimeamua tu. Nisaidie kwa kitu kimoja: niandikie jinsi unavyomwinua mama bila kumuumiza, ni bega lipi unashika kwanza, na dawa gani anapewa kabla ya kula na gani baada. Andika kama unavyomwandikia mtu asiyejua kitu.

Msalimie mama, umwambie ni mimi, useme polepole. Msalimie shangazi wa kwaya, na mjomba wa posho mill ya kusagia unga, mwambie nitakuja na ile mikanda ya mashine aliyoniagiza. Mke wa ndugu yetu mkubwa mwambie maharagwe yalifika na nimeyala yote.

Ukitaka kwenda Loitokitok, mpigie Wanjiru. Usipotaka, mpigie pia umwambie hutaki, ili mwingine apewe. Mimi sitakuuliza sababu. Na usijibu kwa ajili yangu ukidhani nikisikia hapana nitabaki huku Kitengela. Ukienda, nitakuwa na mama. Usipoenda, tutakuwa wawili.

Ni mimi kaka yako unayemfuata kwa kuzaliwa,
Simiyu.