Mbegu za Koti la Kanisani

Nyakitonto, Kasulu
2 Julai 1995

Mwanangu Reverien,

Mwakeye. Umeamkaje huko Kumsenga? Sisi huku hatujambo, ila magoti tu, na hayo nimeshayazoea. Anayeandika ni katekista Tharsisi, kama siku zote, maana mkono wangu unajua jembe na mwiko. Anakusalimu. Anasema niseme polepole. Nitasema ninavyosema.

Tangu tumzike baba yako mwezi wa tano sijashika jembe. Unajua mwenyewe, kwetu mjane halimi mpaka matanga yaondolewe, na siku hiyo anaanza na mbegu alizoacha mumewe. Sasa zipi? Mahindi tulishayala. Maharage yametobolewa na wadudu. Niliona aibu, mwanangu. Mtu amelima maisha yake yote, halafu asiache hata punje.

Juzi nikatoa koti lake la kanisani nilianike, nikakuta ndani ya mfuko kifundo cha kitambaa kimeshonwa kwa uzi. Kufungua, mbegu. Ndogo, mviringo, za kijivu, zina madoadoa. Sizijui. Nikakaa chini nikalia kwa furaha. Nje siwezi kupanda, jua ni kali na matanga bado, kwa hiyo nimezitia kwenye kopo la mafuta ya msaada wa wakimbizi na kuliweka chumbani, chini ya dirisha. Ni kumi na moja. Zikiota nitazitoa siku ya matanga, watu waone kwamba Stanislaus aliacha mbegu.

Kwenye mazishi ulikaa siku moja ukaondoka. Sisemi kitu. Matanga ni mwisho wa mwezi wa tisa, uje.

Mama yako,
Esteri


Kumsenga, Kibondo
16 Julai 1995

Mama,

Shikamoo, na pole na magoti. Mimi mzima, uchovu tu. Darasa langu lina watoto themanini na tisa, chaki moja naikata vipande vitatu. Malori ya kambini yanapita kutwa, vumbi linaingia hadi kwenye ugali. Nikitoka shule naanguka kitandani na viatu mguuni.

Hizo mbegu, mama. Kitambaa kilikuwa cha rangi gani? Zimeota? Majani yakoje? Nieleze vizuri. Habari ya matanga, nitaangalia kama nitapewa ruhusa.

Msalimie katekista.

Mwanao,
Reverien


Nyakitonto
30 Julai 1995

Mwanangu,

Uzima upo, tumshukuru Imana. Kikohozi cha vumbi kimenishika lakini nakula.

Unauliza majani. Tharsisi amecheka, anasema mwalimu wetu amekuwa bwana shamba. Haya, sikiliza. Siku ya nne udongo ulipasuka. Ya tano kikatoka kitu kimeinamisha shingo, bado kimevaa ganda lake kichwani. Zimeota saba, nne zimeozea chini. Majani mawili ya kwanza yalikuwa laini, mviringo, hayana neno. Wiki ya pili yakaja mengine mawili, haya yana meno pembeni kama msumeno. Sasa yanatoka ya vidole vitatu vitatu. Mboga gani ina vidole?

Yanapenda dirisha kupita kiasi. Asubuhi nageuza kopo, jioni yameshageuka tena. Mbili zilirefuka nyembamba zikalala, nimeziegemeza kwa njiti za ufagio. Nazisemesha, usinicheke. Nyumba hii imekuwa kimya mno, na hivi ni vitu vya baba yako, vinakua.

Kitambaa ni kile cha shuka la kijani ulilokwenda nalo chuo cha ualimu. Nimekijua kwa pindo lake, nililishona mwenyewe. Baba yako alilikata lini, sijui.

Mama yako,
Esteri


Kumsenga
9 Agosti 1995

Mama,

Shikamoo. Pole kwa kikohozi, kunywa maji ya moto.

Mama, nakuomba uing'oe hiyo miche. Si mboga. Ni magugu yenye sumu, tulifundishwa chuoni. Ing'oe leo hii, ichome jikoni, kopo ulitupe. Mtu asiione. Matanga utatumia mbegu nyingine, nitakuletea mimi maharage mazuri ya huku. Usimwonyeshe mtu yeyote.

Nina haraka, gari la misheni linaondoka.

Mwanao,
Reverien


Nyakitonto
27 Agosti 1995

Reverien,

Salamu zitakuwa fupi.

Barua yako Tharsisi aliisoma kwa sauti, kama anavyosoma zote, mimi sina macho mengine. Alipofika pale pa mtu asiione, akavua miwani. Akaniuliza, Mama Reverien, mtu asione nini? Tangu nipande alikuwa hajaingia chumbani, ataingiaje chumba cha mjane? Barua yako ndiyo iliyomwingiza. Akainama, akasugua jani kwa vidole, akanusa. Akasema, hii ni bangi.

Mimi bangi nimeisikia kwenye mahubiri. Sijawahi kuiona, tena ikiwa changa vile.

Aling'oa yote saba akaitupa chooni, balozi wa nyumba kumi asije akanipeleka kituoni. Hapo alinihurumia. Lakini yeye ni katekista, neno lile lilimkalia kooni, akalipeleka kwenye baraza la kigango. Wamekaa Jumapili. Wanasema baba yako, mwenyekiti wao, alikuwa anaongoza sala na bangi mfukoni. Misa ya matanga hakuna. Msalaba tuliochongesha hautawekwa kaburini. Aliyesema kwa sauti kuliko wote ni Melkiadi, ambaye baba yako alimpa shamba la kulima alipofika hapa hana kitu. Tharsisi hataki kuandika hili. Nimemwambia andika.

Nimeishi na mtu yule miaka thelathini na miwili. Nimefua nguo zake. Sikuwahi kusikia harufu.

Wewe uliuliza rangi ya kitambaa na majani kabla sijakwambia lolote. Ulijuaje? Nijibu.

Mama yako,
Esteri


Nyakitonto
24 Septemba 1995

Reverien,

Natumaini u mzima. Dereva wa misheni anasema barua alikupa mkononi.

Mvua imeanza. Wenzangu wanalima, mimi nimekaa mlangoni na matanga yangu, nawatazama. Nikipita kisimani wananyamaza. Kama baba yako alikuwa mvuta bangi niambie, nizoee. Kama sivyo, niambie pia. Hili la kutojua limenichosha kuliko msiba wenyewe.

Mama yako


Kumsenga
3 Oktoba 1995

Mama,

Shikamoo. Barua hii nimeiandika mara nne. Nilitaka niiandike kwa namna ambayo wewe uelewe na katekista asielewe, nimeona haiwezekani. Kwa hiyo, Baba Tharsisi, soma yote, usiruke. Ukimaliza kumsomea mama, isome kigangoni baada ya sala ya Jumapili.

Mbegu zilikuwa zangu.

Mwaka tisini na mbili, chuoni, nilikuwa navuta. Tulikuwa wengi, ila mimi nilitaka na kuuza. Likizo nikaja nyumbani na mbegu nimezifunga kwenye kipande cha shuka, niliwaza nizioteshe ghalani wala msijue. Baba alizikuta. Wewe ulikuwa umekwenda kumuuguza shangazi. Akanipiga kibao. Nami nikamsukuma, mama. Alianguka kwenye mawe ya jikoni, akaumia bega. Lile bega alilokwambia aliangukia mzigo wa kuni.

Nilimwomba asikwambie. Akasema, sitamwambia, utamwambia mwenyewe. Akachukua sindano akakishona kile kifundo mbele yangu. Akasema, zitakaa kwangu. Siku ukimwambia mama yako tutazichoma wote watatu. Mpaka siku hiyo usikae kwangu.

Miaka mitatu. Bangi niliacha mwaka uleule. Kusema ndiko kulikonishinda. Kila likizo nilisema nitakwenda, nikafika stendi ya Kibondo, nikarudi. Mazishini niliogopa hata kuingia chumbani kwake.

Baba hakuvuta kitu maishani mwake. Wekeni msalaba wake. Mwalimu mkuu wangu nimemwambia jana, kabla hajasikia kwa watu. Hajanijibu, na kazi sijui kama ninayo.

Nisamehe, mama.

Mwanao,
Reverien


Nyakitonto
22 Oktoba 1995

Reverien,

Hatujambo. Kikohozi kimepungua tangu mvua ilaze vumbi.

Tharsisi alisoma yote kigangoni. Alisoma vizuri, hakuruka hata lile la kumsukuma. Melkiadi akatoka nje, na jioni alikuja na watu wawili wakauweka msalaba. Sikumpa maji ya kunywa. Misa ni Jumamosi, tarehe nne mwezi ujao, na matanga siku hiyohiyo. Maharage ya kuanzia nimepewa na mke wa Tharsisi.

Sasa nisikilize. Ulipoondoka nilimuuliza baba yako, umemfanya nini mwanangu? Akasema, mambo ya wanaume, atarudi. Kila Krismasi hukuja, na kila Krismasi nilimuuliza. Nilimwita mkatili. Nilimwambia roho yake ni ya jiwe, amenifukuzia mtoto wa pekee. Miaka mitatu nilimpikia bila kuzungumza naye. Nilihamishia kitanda changu chumba cha pili, hilo ulikuwa hulijui. Bega lile nilikataa kulikanda. Nilisema, aliyemfukuza mwanangu alikande mwenyewe. Hata alipozidiwa nilimpa dawa nikatoka.

Na yeye alikuwa na neno moja tu la kusema, akanyamaza, ili uje uliseme wewe.

Wewe unaniomba msamaha mimi. Mimi nitamwomba nani? Nakwenda kaburini nasimama, narudi. Sijui nikwambie nimekusamehe au sijakusamehe. Ukiniuliza leo, nimechoka tu.

Njoo Ijumaa, kabla ya giza. Kuna mbuzi wa kuchinja, na hapa nyumbani hakuna mwanamume wa kumshika.

Mama yako,
Esteri