Mguu wa Machibya chini ya meza ya bima

Perez, acha wateja wasubiri. Machibya leo kakoma.

Si unajua bibi yake, Bernadeta wa Pasiansi, anakwenda Kanada kumwona shangazi Dorcas? Leo Machibya kampeleka mjini kukata bima ya matibabu ya safari.

Dada wa bima kauliza kwa adabu zote, "Bibi, una ugonjwa wowote wa muda mrefu?"

"Mimi mzima, mwanangu."

MZIMA, Perez. Bibi anayemeza dawa za presha kila asubuhi kama karanga.

Dada akaeleza kwamba ugonjwa ukifichwa, bibi akilazwa huko, bima hailipi kitu. Machibya akafungua mdomo. Bibi akamkanyaga mguu chini ya meza, na kiatu akakiacha palepale.

Akisema, bibi ataona safari imekufa na mjukuu ndiye kaiua. Akinyamaza, bibi akianguka ugenini, shangazi atauza mpaka jiko. Na kukimbia hawezi, mguu umekanyagwa.

"Kaka, bibi hana hata presha?"

Kiatu kikazidi kukandamiza.

"Anayo," akasema, kama mtu anayetapika.

Bibi hata hakumtazama. "Presha siyo ugonjwa, mwanangu. Presha ni hasira, na anayenipa ni huyu. Mwandike jina."

Dada akacheka, lakini akaandika presha. Akamwambia safari ipo palepale, bima ya wenye presha ipo.

Bibi akaondoa kiatu polepole.

"Basi andika na sukari."

Perez, hiyo ya sukari hata Machibya alikuwa haijui.